Baba katika Mji wa Picha

Huwa nanyunyiza maji uwanjani kwangu kabla ya kufagia. Hapa Lodwar usipofanya hivyo unalisukuma vumbi lako hadi kwa jirani, na jioni upepo unakurudishia lote. Maji yakiugusa ule mchanga ulioanza kupata joto tangu jua lichomoze, harufu fulani hupanda, nzito, kama ya chungu kipya. Wenzangu kazini huiita harufu ya mvua. Kwangu mimi ni harufu ya sinema, na ikinipata vizuri nasimama na ufagio mkononi mpaka mtu aniite.

Nilikulia Kakuma kwa miaka michache tu, lakini ndiyo miaka ninayoikumbuka kwa pua na kwa ngozi. Banda la video lilikuwa pale mji unapokutana na kambi ya wakimbizi, mabati pande tatu na turubai upande wa nne. Sakafu ilikuwa udongo mtupu, na watu wakijaa na kuanza kupiga miguu, vumbi lilipanda hadi picha ikawa kama inaonekana kupitia chai ya maziwa. Kwa hiyo sisi watoto tuliingia kwa maji. Kila mmoja alikuja na jerikeni lake kutoka bombani, akalimwaga sakafuni taratibu akirudi nyuma, kisha akaruhusiwa kukaa chini, mbele kabisa, sketi ikilowa matope. Nje jenereta ilinguruma. Ndani kulinuka petroli, karanga za kukaanga na jasho la watu wa mataifa mengi waliobanana kwenye benchi, na mimi nilidhani hivyo ndivyo sinema inavyonuka dunia nzima.

Tulikuwa tumehamia huko kutoka Lodwar kwa sababu ya Baba. Alikuwa dereva wa lori, akipeleka unga na sabuni Sudan Kusini kupitia Lokichoggio na Nadapal, mpakani. Mama aliona kwamba tukikaa Kakuma, njiani, tutamwona mara nyingi zaidi. Akafungua hoteli ndogo ya chai na mandazi karibu na mahali malori yalipoegesha, na kwa muda mpango wake ulifanya kazi. Tulimjua Baba kwa honi yake, alivyoivuta kama mtu anayepiga miayo. Mama alikuwa akijifanya hajasikia, lakini mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kikombe kikubwa cha bluu. Baba alinipandisha kwenye kiti chake, akaniacha nishike usukani, akaniuliza, "Dereva, leo tunaenda wapi?" Nikisema Lodwar, anasema sawa. Nikisema mbinguni, anasema huko mafuta hayatatosha. Halafu anatoa biskuti chini ya kiti.

Safari moja hakurudi. Nilimuuliza Mama, akasema barabara imefungwa. Niliwauliza madereva waliokuja kunywa chai, wakatazamana, nao wakasema barabara imefungwa, huko mpakani kuna maneno. Lagga ya Tarach, ule mto wa msimu, ilijaa, ikakauka, ikajaa tena. Barabara ilikuwa bado imefungwa, ingawa malori yao yalikuwa yakienda na kurudi. Mtoto halioni jambo kama hilo. Au analiona, lakini analiweka mahali.

Filamu zote za pale bandani zilikuwa na sauti moja, ya Mama Zawadi. Alikuwa Mkongomani, mama mnene wa taratibu ambaye asubuhi alisuka watu nywele na alasiri alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya turubai, kipaza sauti mkononi, akitueleza yanayosemwa. Alijua Kifaransa vizuri sana. Filamu nyingi zilikuwa za Kiingereza. Jambo hilo halikumsumbua hata kidogo. Alimtazama mtu usoni, akapima hasira yake, akaamua anachosema. Alikuwa mzee, alikuwa mrembo, alikuwa jambazi na polisi kwa pumzi moja, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu banda zima halikuwa na mtu wa kumsahihisha ambaye pia alitaka kumsahihisha.

Filamu niliyoipenda kuliko zote ilihusu dereva wa lori. Staringi, kama tulivyomwita mhusika mkuu wa kila filamu, alikuwa akipeleka mizigo katika mji mzuri sana, wenye miti na maduka ya vioo. Siku moja akajaribu kutoka nje ya mji. Akaendesha, akavuka daraja, na mbele yake akakuta mji uleule, duka lilelile. Akageuza lori, akaenda upande mwingine. Mji uleule. Hapo ndipo alipoanza kushuku. Kumbe mji haukuwapo. Ulikuwa umetengenezwa ndani ya mashine, na watu wote waliokuwamo walikuwa wamelala mahali pengine, wakiota pamoja bila kujua. Walinzi wa mashine wakaanza kumfukuza. Kulikuwa na risasi, malori yaliyopinduka na helikopta, na sisi watoto wa mbele tuliinama kila risasi ilipopita.

"Munaona huyu bwana?" Mama Zawadi alisema polepole, picha ikionyesha mikono ya staringi kwenye usukani. "Anafikiri anatembeza lori. Kumbe lori njo inamutembeza. Kila njia anachagua, mashine ilishaichagua mbele yake."

Lakini kulikuwa na sauti sikioni mwake, iliyotoka nje ya mji wa picha. Mama Zawadi alitwambia ni ya mtoto wake. Mtoto alikuwa ameketi kando ya kitanda cha baba yake huko kwenye dunia ya kweli, akimwita: baba, amka. Baba, hiyo si nyumbani. Mama Zawadi aliyasema maneno hayo kwa sauti nyembamba kiasi kwamba hata wanaume wa benchi la nyuma waliacha kutafuna. Na mwishoni, staringi alipozingirwa pande zote, hakukanyaga mafuta wala hakupiga kona. Alizima injini, akafungua mlango, akashuka akatembea kwa miguu mahali ambapo hapakuwa na barabara. Hilo mashine haikulitegemea. Akaamka.

Banda lilikuwa na filamu chache, kwa hiyo hiyo nayo ilirudi kila baada ya muda mfupi. Sikumbuki ni mara ya ngapi nilipoelewa. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimeketi kwenye matope nikahisi mwili wote umesisimka. Baba hakutusahau, na barabara haikufungwa. Alikuwa amevuka Nadapal, akaendesha kurudi kwetu, akaikuta Kakuma. Akapiga honi, Mama akatoka na kikombe cha bluu, nami nikapanda kwenye kiti chake. Kila siku alikuwa nyumbani, na hakuwa na sababu ya kututafuta. Nilimwonea wivu yule Nakiru wa huko, mwenye jina langu. Alikuwa akila biskuti zangu, na pengine hakujua hata kushika usukani.

Kisha nikapata hofu nyingine, ambayo nadhani kila aliyeiona filamu ile aliipata kwa kiasi chake: nitajuaje kwamba mimi ndiye wa kweli? Nikaanza kujipima. Mashine haiwezi kumtabiri mtu anayefanya jambo bila sababu, kwa hiyo nilifanya mambo bila sababu. Nilivaa gauni ndani nje. Nilitumwa sukari nikaenda kulizunguka kanisa kwanza. Niliwasalimia mbuzi mmoja mmoja, ejok, ejok, nikisubiri kuona kama kuna atakayeshtuka. Mama alinitazama siku kadhaa, kisha akanishika paji la uso.

"Unatembea kama kuku aliyepigwa na jua," akasema. Nyumbani tulisema Kiturkana, nami nayaandika maneno yake kwa namna yanavyonijia. "Nani amekwambia uvae hivyo?"

"Hakuna," nikasema kwa fahari. "Nimechagua mwenyewe."

"Basi chagua kuosha vikombe."

Nikaosha, nikijiuliza kama hapo nilikuwa nimechagua.

Sikumweleza mpango wangu, kwa kuwa katika filamu aliyeambiwa ukweli mapema alifukuzwa na helikopta. Nilimwendea Mzee Lokwawi, dereva mwenzake Baba, mtu mrefu mpole aliyekuwa mzee wa kanisa na ambaye siku hiyo alikuwa akikagua magurudumu tayari kwa safari ya kaskazini. Nilimwamkia, nikamwomba anibebe hadi Nadapal.

"Nadapal kuna nini, mama?" aliniuliza, akiendelea kupiga gurudumu kwa chuma.

"Baba amelala huko."

Akaacha kupiga. "Nani alikuambia?"

"Najua tu. Amelala, na nyinyi wote mnajua, ndiyo maana mnasema barabara imefungwa. Nataka kwenda kwake."

Mzee Lokwawi alivua kofia. Sikuelewa kwa nini. Kanisani kwetu, pasta alipotangaza kifo, alisema ndugu yetu amelala, lakini mimi nilikuwa nikifikiria kitanda. Alinishika bega kwa mkono wenye grisi, macho yakimlowa, kisha akanipeleka kivulini na kuniambia nikae hapo. Nilidhani anatengeneza nafasi kwenye lori.

Nilipochoka kukaa nikarudi hotelini. Madereva walikuwa wamejaa, wamesimama, kofia mikononi, na hakuna aliyeagiza chai. Mama alikuwa ameketi juu ya gunia la makaa. Mwiko wake ulikuwa chini, na mandazi yalikuwa yakiungua kwenye karai bila mtu wa kuyageuza. Uso wake sijawahi kuuona hivyo tena, hata miaka iliyofuata yalipotupata makubwa. Wanawake wawili wa jirani walikuwa wameanza kulia kwa sauti ya chini.

"Mtoto anasema baba yake amelala huko Nadapal," Mzee Lokwawi alikuwa akieleza. "Mimi sikutaka kuamini. Lakini mtoto hawezi kutunga kitu kama hiyo."

Mama aliponiona alininyooshea mikono yote miwili. "Nakiru, nani alikwambia baba yako amekufa?"

"Hajafa," nikasema. "Amelala tu. Yuko kwenye mji wa picha."

Mtu mmoja aliyaepua mandazi. Nikaanza kuwaeleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nyuso zao zilivyozidi kunichanganya: daraja, duka la vioo, mashine, Nakiru wa bandia na biskuti zangu. Dereva mmoja kijana akaanza kucheka, mwenzake akamkanyaga mguu. Mtu alikwenda kumwita Mama Zawadi, naye akaja na kitana kikiwa bado kimechomekwa nyweleni, akihema. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akapiga magoti kwenye majivu, mtu mzima yule, ili macho yake yawe sawa na ya Mama.

"Mama Nakiru, unisamehe. Kwenye ile filamu hakuna mutoto. Mi njo nilimuweka. Watoto banakuja wengi, banakaa pale mbele, nikaona vibaya hadithi ikose hata mumoja."

Nilipokuwa chuoni, miaka mingi baadaye, niliipata filamu ile yenye maandishi chini, nikathibitisha maneno yake. Sauti ya sikioni ilikuwa ya fundi wa mitambo, mwanamume mwenye mafua, na alichosema zaidi ni namba. Niliizima kabla haijaisha. Ilikuwa filamu nzuri, lakini haikuwa yangu.

Siku ile lakini sikumwamini Mama Zawadi. Nilisema, "Basi mpigieni simu, mtasikia." Na hapo watu wazima wote wakatazama chini kwa pamoja, kama waliodondosha kitu kimoja. Sasa najua walikuwa na namba yake. Karibu kila mmoja wao alikuwa nayo. Mama alimtazama Mzee Lokwawi, si kwa hasira, kwa uchovu tu.

"Piga," akasema.

Mzee akapiga, akabonyeza spika ili wote wasikie. Simu iliita muda mrefu. Halafu ikaja sauti ya Baba, nzito, ya karibu, kana kwamba yuko nyuma ya pazia la jikoni. Nikainyakua simu.

"Baba, amka," nikasema. "Hiyo si nyumbani."

Nyuma yake mtoto mdogo alikuwa akilia, na mwanamke akamuuliza kwa Kiarabu cha Juba ni nani anayepiga. Baba akaniita mimi.

"Nakiru?"

"Amka, Baba."

"Niko macho, mama," akasema. "Niko macho."

Mama alichukua simu mkononi mwangu kwa upole. "Tulisikia umekufa," akamwambia.

"Nani amesema?"

"Mtoto wako."

Yule mtoto mwingine akanyamaza, kama amepewa ziwa. "Sijafa," Baba akasema.

"Vizuri. Kula vizuri," Mama akajibu, akamrudishia Mzee Lokwawi simu yake, akaokota mwiko, akaufuta kwa kanga na kuwauliza madereva kama kuna anayetaka chai au wamekuja tu kusimama. Wote waliagiza. Hakuna aliyeondoka hadi jioni. Walikaa wakinywa chai ambayo hawakuitaka, wakizungumza juu ya tairi na mvua, na Mzee Lokwawi aliosha vikombe vyote mwenyewe, jambo ambalo mzee wa kanisa wa Kiturkana halifanyi.

Yale maneno, niko macho, niliyabeba kwa miaka. Niliyaelewa kama jibu la swali lote: kwamba hakuna mashine iliyomshika, kwamba alikuwa akiona vizuri na akachagua. Alipokuwa ameshaota mvi alianza kuja kunitembelea hapa Lodwar, na siku moja nikayataja. Alinishangaa.

"Ilikuwa mchana," akasema. "Nilikuwa nimelala chini ya lori. Simu ikaniamsha, nawe ukaniambia niamke. Ningekujibu nini kingine?" Tukacheka mpaka akakohoa. Baadaye, nilipokuwa nikimmiminia maji ya kunawa, aliongeza bila kuulizwa, "Hakuna mtu alinishika huko. Kila siku nilisema kesho nitarudi. Siku zenyewe ndizo zilinipeleka." Nilimpa taulo. Nilikuwa nimeshampenda tena kabla ya hapo, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kuamua.

Lakini nilitaka kumaliza ya Kakuma. Siku chache baada ya ile simu, Mama alifunga hoteli alasiri, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Alijipaka mafuta, akavaa shanga zake zote za shingoni, akaniambia nimpeleke kwenye hilo banda. Mimi nilikuja na maji yangu kama kawaida. Yeye aliketi benchi la mbele, mgongo wima, kama mtu aliyealikwa harusini, na banda lote likapunguza sauti. Mama Zawadi alimwona, akaguna kidogo kwenye kipaza sauti. Filamu ilikuwa ileile. Nadhani hakuwa na nyingine siku hiyo.

Mama aliifuata kwa makini sana. Alitikisa kichwa staringi alipoukuta mji uleule. Risasi zilipoanza hakuinama. Kisha likafika lile pambano la mwisho, malori yamemzunguka, staringi peke yake kwenye kiti chake, midomo ikitembea. Mama Zawadi alieleza juu ya mashine, akaeleza juu ya walinzi. Sauti ya sikioni akairuka. Aliiacha midomo ya yule mtu itembee bure.

Mama akainua mkono. "Na mtoto iko wapi?"

Watu wakageuka. Mama Zawadi alishusha kipaza sauti. "Mama Nakiru, ule mutoto hakuwako. Nilisema kwako. Nimemutoa."

"Rudisha yeye," Mama akasema kwa Kiswahili chake kilekile cha kuuzia chai. "Hii mwanaume sasa inaongea na nani?"

Benchi za nyuma zikacheka, kicheko cha kuunga mkono. Mama Zawadi naye alitabasamu, lakini alimtazama Mama kwa uangalifu. "Nikimurudisha, aseme nini? Aseme baba aamke?"

Mama alifikiri. Picha haikumsubiri. Staringi alikuwa ameshazima injini na mkono wake ulikuwa mlangoni.

"Hapana," Mama akasema. "Aseme sisi tuko sawa."

Mama Zawadi akainua kipaza sauti, akasafisha koo, na kwa ile sauti yake nyembamba akasema, "Baba, tuko sawa." Mtu yule akashuka kwenye lori lake, akaanza kutembea. Mama alisogea kidogo kwenye benchi, akapiga pale kando yake kwa kiganja, nami nikanyanyuka kutoka chini na sketi yangu yenye matope nikaenda kukaa.